Vinywa vya Mlima Ngondi

Mvua ilikuwa imekatika tangu juzi na jua linawaka la kukaanga bisi, ndipo Mlima Ngondi ulipoanza kutembea.

Haukutembea sana. Ulisogea kiasi cha unene wa ukucha, kimyakimya, pale juu kidogo ya kijiji cha Mhande, na hakuna aliyeuona. Wanawake wa Mhande walikuwa wameanika maharage kwenye maturubai mpaka kando ya barabara, wakilifurahia jua kama mgeni aliyechelewa. Masika ile ilikuwa imewaozeshea nusu ya mavuno. Kama ungemwambia mmoja wao siku hiyo kwamba mlima unakuja, angekutazama juu mpaka chini akakuuliza pombe hiyo ya dengelua umeinywa kwa nani.

Aliyejua alikuwa Nakiete peke yake, na wakati huo alikuwa na kijiko cha uji mdomoni.

Nakiete alikuwa msikilizaji wa mlima. Kibanda chake kilikaa begani mwa Ngondi: juu yake kijiji cha Ikongwe alikozaliwa, chini yake Mhande. Katikati ya kibanda palikuwa na sinia pana la mchanga, na mchanga ule ulikuwa hai. Ulijiinua wenyewe ukawa mlima mdogo wenye mabonde na migongo yake yote, na ndani yake maji yaling'aa rangi ya samawati. Habari hizo zililetwa na mchwa. Si wale wa kula milango, la! Hawa walikuwa vidude vya chuma na gundi, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mtama, walioachiwa ndani ya mlima kwa maelfu. Walichimba, walionja maji, walipima jinsi yanavyosukuma. Ukiwaambia zibeni, walitema gundi wakaziba. Ukiwaambia fungueni, walitafuna wakafungua.

Sasa mchanga ulikuwa unatetemeka, na ile samawati ilikuwa imepanda mpaka mahali ambapo haikuwa na ruhusa ya kufika.

"We!" Nakiete aliukemea mlima, kama mtu anavyomkemea mbuzi aliyeingia shambani. Akaweka bakuli chini.

Hebu tuelewane kabla hajaanza kukimbia, maana akianza hatasimama. Watu wa milima ile ya Upare tangu kale walikinga maji kwenye ndiva, yaani bwawa la udongo juu ya mashamba. Jioni unaziba tundu, usiku linajaa, asubuhi unafungua na mfereji unakwenda kunywesha migomba. Kikaja Kiangazi Kikuu, na jua likazinywa ndiva zote mpaka matope. Ndipo Nakiete, binti aliyerudi masomoni na maneno mengi kuliko mizigo, alipouliza: kwa nini tuyaanike maji juani? Kwa nini mlima wenyewe usiwe ndiva? Chini ya Ikongwe kulikuwa na tabaka la mfinyanzi lililolala kama sahani. Mchwa wakaziba kingo zake, mvua ikazama, na mlima ukashika maji. Watu wakaiita hazina ile Tumbo. Tangu hapo Ikongwe walichimba tangawizi hata katikati ya kiangazi, na watu wa Mhande wakawa wanawatazama kutoka chini kwa jicho ambalo si zuri sana.

Nakiete hakuwa mjinga. Alijua kwamba maji yakijaa kupita kiasi, ubavu wa mlima hauwezi kuyabeba. Kwa hiyo aliacha vinywa, matundu yaliyotokeza ubavuni chini ya Ikongwe, ili maji ya ziada yachuruzike mchana na usiku hadi korongoni.

Alichomeka kidole kwenye mchanga, mahali pa kinywa cha kwanza. Kikavu. Akachomeka cha pili, kikavu pia. Vyote vilikuwa vikavu, na nyuma yake maji yamejazana yanasukuma kama watu mlangoni.

"Haiwezekani," alisema.

Iliwezekana. Alikuwa amerudi jana jioni tu kutoka mjini, alikokwenda kutafuta mchanga mpya wa sinia, na huku nyuma mlima ulikuwa umeshiba bila msikilizaji. Watu wengi hudhani mvua hubomoa mlima siku inaponyesha. Mara nyingine ndivyo, lakini mara nyingine maji huzama taratibu, yakipenya udongo mmoja hadi mwingine, na msukumo wake hufika chini wakati watu wameshakunja makoti yao. Mchanga ulimwonyesha yatakayokuja. Maji bado yangepanda, na kabla ya machweo ubavu wote uliokuwa juu ya Mhande ungeachia.

Kulikuwa na dawa. Iliitwa Mkuki.

Mkuki ulikuwa kundi la mchwa waliolala juu ya ile sahani ya mfinyanzi, waliowekwa pale kwa siku mbaya. Wakiamshwa, wangetafuna moja kwa moja hadi upande wa pili, na maji yangetoroka chini kwa chini mpaka mtoni. Mhande ingepona bila mtu kuinua jembe. Lakini mfinyanzi ule ukishatobolewa, hakuna gundi ya kuushika tena. Tumbo la Ikongwe lingekauka, na lingebaki hivyo milele.

Na Nakiete alikuwa ameapa. Siku ya kwanza kabisa, mbele ya Ikongwe nzima, alishika udongo mkononi akasema: sitatoa maji yenu bila neno lenu. Hakuapa kwa mapambo. Katika mlima mmoja wa mbali, msikilizaji mwingine alihamisha chemchemi kimyakimya, kwa nia njema kabisa, na waliopokonywa walipojua walichoma kibanda chake moto. Baada ya hapo vijiji vyote vya kule viliwafukuza mchwa, na wanawake wakarudi kubeba ndoo kichwani. Fundi anayefungua bila kuuliza anakuwa mwizi, hata kama ameiba ili aokoe watu.

Alivaa bangili ya Mkuki mkononi. Ilikuwa na kitufe kimoja chekundu, na ilipiga taratibu kwenye mshipa wake kufuata msukumo wa maji. Ilikuwa inapiga haraka.

"Mungu wangu," Nakiete alisema, na sasa akaanza kukimbia.

*

Alikimbia kuelekea juu, Ikongwe, simu sikioni, akimpigia Kajiru.

Kajiru Senzige alikuwa mwenyekiti wa Mhande. Walisoma darasa moja, wakagombea dawati moja, na mpaka leo hakuna aliyekubali kwamba alishindwa.

"Nakiete! Umeona jua?" Kajiru aliitikia kwa furaha. "Njoo ule maharage mabichi."

"Kajiru, watoe watu. Ubavu wa juu yenu unaondoka leo."

Kicheko kilikatika. "Jua hili?"

"Jua hilohilo. Maji yako ndani, hayajui kama nje kumekauka."

"Niwatoe niwapeleke wapi?" Sauti ilishuka. "Mto umelimeza daraja. Barabara ya juu inapita palepale unaposema panaondoka. Nitawatia mfukoni?"

"Wapeleke kwenye mwamba wa kanisa. Pale chini ni jiwe tupu."

"Mwamba wa kanisa hautoshi hata kwaya." Kisha akauliza: "Huna la kufanya na hao wadudu wako?"

Nakiete angeweza kudanganya. Alitaka sana kudanganya.

"Ninalo," alisema. "Lakini linaikausha Ikongwe moja kwa moja. Niliapa niwaulize kwanza. Ndiko ninakokwenda."

Simuni ilisikika sauti ya mwanamke mzee akiimba.

"Mama yangu amekaa nje, anachambua maharage," Kajiru alisema polepole. "Anaimba. Nakwambia tu ili ujue. Na wewe ni mtoto wa Ikongwe, hilo sikukumbushi, unalijua."

Lilimchoma. Lilimchoma kwa sababu alikuwa ameshajiuliza mwenyewe.

"Nisikilize," alisema huku anahema. "Mlango wa shule yenu uko pale ufa utakapopita. Mtu asimame pale, aufunge na kuufungua. Ardhi ikianza kupinda, fremu itabana na mlango utagoma. Ukigoma tu, nipigie. Nikipata simu hiyo nabonyeza, Ikongwe wapende wasipende."

"Unaniapia?"

"Nakuapia."

Kwa hiyo sasa alikuwa na viapo viwili vinavyovutana kila kimoja upande wake, na kilima kikali mbele.

*

Kabla hajafika kijijini alivikuta vinywa.

Alisimama akashika kiuno. Pale ambapo matundu yalipaswa kuwa yanachuruzika, palikuwa na mawe yaliyopangwa kwa ustadi, na juu ya mawe mfinyanzi uliochanganywa na samadi, ukapigwa, ukalainishwa kwa viganja mpaka ukang'aa. Kila kinywa kilikuwa kimezibwa hivyo. Kazi safi, kazi ya kujivunia. Mwisho wa safu, walioviziba hawakusahau hata kupanda majani ya kushika udongo.

"Umeiona kazi!" sauti ilimfikia kutoka juu. "Tulitaka kukushtukiza!"

Alikuwa shangazi yake, Mbonea, mwenyekiti wa kamati ya ndiva, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe waliovuka bonde. Alishuka akiwa ameinua kanga, amejaa tabasamu.

"Wewe mtoto, mlima wako ulikuwa unavuja! Mchana na usiku, chururu chururu, na wewe umekaa na sinia lako huoni. Ulipokwenda mjini nikapiga pembe ya msaragambo. Ikongwe nzima walitoka, siku moja tu tukamaliza. Mzee Zefania ndiye aliyepiga udongo. Hebu gusa! Hata tone!"

Nakiete aligusa. Hata tone. Nyuma ya udongo ule alihisi maji yakisukuma kwa utulivu, na bangili ikapiga kwa nguvu kwenye mshipa wake.

Alitaka kupiga kelele, lakini angempigia nani? Mtu wa Ikongwe hufundishwa kuziba ndiva inayovuja kabla hajafundishwa kusema shikamoo. Anayepita penye uvujaji bila kuinama na kuziba huitwa mvivu, na jina hilo humfuata mpaka kwa wakwe. Yeye mwenyewe, Nakiete, aliwaonyesha vinywa mara moja tu, kwa maneno ya kitaalamu, akadhani wameelewa. Wao walikuwa wameitikia kwa adabu, na moyoni wakasema binti huyu ana akili nyingi lakini kuziba hajui.

"Shangazi," alisema, "haukuwa unavuja. Ulikuwa unapumua."

*

Ikongwe walikusanyika uwanjani penye meza ndefu ya wanakwaya. Watu waliacha tangawizi zao juani wakaja, wengine wakifuta mikono, na Nakiete aliwaambia yote bila kuzungukazunguka. Alipofika kwenye neno "tufungue", minong'ono iligeuka kelele.

"Tufungue nini? Maji ya kiangazi?"

"Masika ikiwa haba mwaka kesho, nani atatuletea ndoo? Mhande?"

"Hao walitunyima hata njia ya ng'ombe!"

Mzee Zefania, aliyepiga udongo, alisimama. Alikuwa mwembamba, mikono mikubwa, na heshima yake yote ilikuwa imebandikwa kwenye vile vinywa. "Binti yangu, mimi si mbishi," alianza, kama waanzavyo wabishi wote. "Lakini udongo ukikauka unashikana. Jua linawaka siku ya pili. Mlima ulioshikana utaondokaje?"

Nakiete alitazama huku na huku. Kwenye meza palikuwa na sufuria ya uji uliotoka jikoni muda uleule. Alimwaga maji kidogo mezani, akachukua bakuli, akalijaza uji wa moto, akaliweka juu ya ule unyevu. Meza ilikuwa imeinama kidogo sana, upande wa bonde. Bakuli lilitulia. Halafu, bila mtu kuligusa, likaanza kuondoka. Liliteleza taratibu, kwa heshima zake zote, mpaka ukingoni, na Nakiete akalidaka.

Kila mtu pale alikuwa ameshaona bakuli likitembea hivyo nyumbani kwake, akacheka, akalirudisha. Leo hakuna aliyecheka.

"Ndani ya bakuli kukavu au kubichi, si hoja," Nakiete alisema. "Kinacholibeba kiko chini yake. Mlima nao uko hivyo. Uzito wa juu unaukandamiza udongo ushikane. Lakini maji yakijaa katikati yakakosa pa kutokea, yanauinua kidogo, kidogo tu, na ule mshiko unaisha. Mzee wangu, umeziba vizuri. Umeziba vizuri mno. Vinywa vikifunguliwa, msukumo unashuka hata kabla maji mengi hayajatoka. Mtapoteza maji ya masika hii. Tumbo litabaki."

"Na tukikataa?" aliuliza Shangazi Mbonea.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Nakiete alikuwa amelifikiria swali hilo kilima kizima. Akiwaficha Mkuki, anawadanganya. Akiwatajia, anawawekea kisu shingoni. Alipiga moyo konde, akakunja mkono wa shati, akainua bangili juu wote waione.

"Nikibonyeza hapa, mfinyanzi unatoboka na Tumbo linakauka. Halijai tena, wala kwa wajukuu wenu. Mhande wanapona. Ningeweza kubonyeza nikiwa kibandani, na mngejua kiangazi. Sikubonyeza. Nimekuja kwanza, kwa sababu niliapa. Lakini nimemwapia na Kajiru pia. Mlango wa shule yao ukigoma kufunga, nitabonyeza hapahapa mbele yenu, na mnichukie mpaka nife."

"Unatutisha?" Shangazi alisogea karibu, macho yamemtoka.

"Siwatishi, shangazi. Nawaambia. Naogopa. Naogopa kuliko nyinyi."

Shangazi Mbonea alimtazama mpwa wake. Kisha akalitazama lile bakuli mkononi mwake, na ule mstari wa maji mezani. Alikuwa mwanamke ambaye katika maisha yake hajawahi kuacha tone lipotee, aliyewahi kumrudisha njiani mgeni wa heshima kwa sababu alinawa mikono na kumwaga maji yaliyobaki.

"Pembe yangu iko wapi?" aliuliza.

"Mama Mbonea, tuzungumze kwanza..." alianza mtu mmoja.

"Tutazungumza tukiwa tumeinama. Nimeuliza, pembe yangu iko wapi?"

*

Pembe ya msaragambo, yaani kazi ya kijiji kizima, ikilia, hakuna anayeuliza ni kazi gani mpaka jembe liko begani. Huo ndio utaratibu wa kule, na siku ile uliokoa muda kuliko mashine yoyote. Waliopinga walijikuta wanateremka na wengine, bado wanabisha, lakini wanabisha huku wanakimbia.

Nakiete aliwapanga. Wasisimame mbele ya tundu, wasimame pembeni. Waanze na vinywa vya chini, kwa maana huko ndiko mshiko unakohitajika zaidi. Mchwa wasingeweza kusaidia. Walitengenezwa wasitoke mlimani, na mwanga wa jua uliwaua. Iliyobaki ilikuwa mikono.

Na mikono ilikutana na kazi ya mikono. Majembe yaligonga udongo wa Zefania yakarudi. Sururu ziliuchubua tu. Samadi na mfinyanzi, vikiwa vimekauka kwa jua la siku mbili, vilikuwa kama chungu kilichochomwa.

"Nani aliziba hivi?" alifoka Mzee Zefania, jasho linamchuruzika.

"Wewe!" waliitikia wote kwa pamoja.

"Kumbe mimi ni hodari," alisema, akavua shati, akapiga tena.

Watu walicheka, na kicheko kile kiliwatia nguvu. Mtu mmoja alianzisha wimbo wa kulimia, sururu zikaingia kwenye mdundo mmoja. Shangazi Mbonea alipiga magoti kwenye kinywa cha chini kabisa akawa anachokonoa kando ya jiwe kwa kipande cha chuma, matope mpaka viwikoni. Bangili iliendelea kupiga kwa haraka, pigo likilifukuza jingine.

Simu ililia.

"Umegoma," Kajiru alisema. Nyuma yake mtoto alikuwa analia, na kengele ya kanisa ilikuwa inagongwa kama ya moto.

Nakiete alishusha simu. Wimbo ulikuwa unaendelea. Alitaka kuomba dakika, dakika tu, na akajua kwamba dakika hiyo si yake ya kuomba. Kidole gumba kilikwenda kwenye kitufe.

"Shangazi," aliita. "Mlango umegoma."

Wimbo ulikatika. Shangazi Mbonea aliinua kichwa kutoka kwenye tope. Alikitazama kile kidole, akawatazama watu wake wakiwa na sururu hewani, akarudi kwa mpwa wake.

"Basi bonyeza, mwanangu," alisema.

Mtu mmoja alilia kwa sauti. Hakuna aliyesema hapana.

"Bonyeza. Watu kwanza. Ndoo tulishabeba, tutabeba tena." Akainama, kwa hasira, kwa huzuni, kwa mazoea tu ya mtu asiyeacha kazi katikati, akalipiga lile jiwe kwa chuma chake mara moja zaidi.

Jiwe likaruka.

Halikuanguka, liliruka, likapita pembeni ya sikio lake likaenda kugonga mti wa ng'ambo ya korongo. Nyuma yake mlima ulipiga chafya. Kizibo chote cha Zefania kilitoka mzimamzima kama kifuniko cha sufuria inayochemka, na maji yakafuata, mekundu, mazito, yakinguruma, mkono mzima wa maji uliosimama hewani kabla haujakumbuka kuinama. Shangazi Mbonea alirushwa chali kwenye majani aliyoyapanda mwenyewe.

"Jamani!" alipiga yowe. "Jamani, yanatoka!"

Kidole cha Nakiete kilikuwa bado juu ya kitufe. Ruhusa alikuwa nayo, sasa alikuwa nayo kweli, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini mkono wake ulikuwa unamwambia jambo. Alifumba macho ausikilize. Pigo. Pigo. Nafasi kidogo. Pigo.

Mlima ulikuwa unashusha pumzi.

"Usiache kupiga, Mzee Zefania!" alipaza sauti. "Unashuka! Msukumo unashuka! Cha pili, haraka!"

Kumbe kile cha kwanza kilipofunguka, vingine vililegea. Cha pili kilitoka kwa sururu tatu, cha tatu kilijitapika chenyewe huku watu wakiruka pembeni na kushangilia kama mpira umeingia golini. Zefania alicheza dansi mbele ya kazi yake iliyobomolewa. Ubavu mzima wa Ngondi ulikuwa unatema maji, na upinde wa mvua ulisimama juu yake mchana kweupe. Nakiete alisimama katikati, amelowa chapachapa, kidole hewani, anahesabu mapigo kwa midomo. Taratibu. Taratibu zaidi. Kisha mshipa wake mwenyewe ulikuwa unakwenda kasi kuliko mlima.

Simu ililia tena. Aliogopa kuipokea, akaipokea.

"Nakiete." Kajiru alikuwa analia, na hakujali. "Ufa umesimama. Nimesimamisha fimbo huku na huku, hazisogei. Umesimama, dada yangu. Umebonyeza?"

"Sikubonyeza," Nakiete alisema. "Wamefungua. Wamefungua wenyewe, Kajiru. Kwa mikono."

Alikaa chini kwenye tope, hapohapo, akacheka mpaka akashindwa kupumua, akavua ile bangili akamwekea shangazi yake kiganjani. Shangazi aliigeuzageuza, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, akapiga fundo juu ya fundo.

*

Maji yalipofika chini yaliukuta mfereji wa kale wa Mhande, ule uliokauka tangu Tumbo lilipofungwa, na yakauingia kana kwamba hayakuwahi kuuacha. Waliokuwa wamebanana kwenye mwamba wa kanisa waliyaona yanakuja. Walisikia kwanza mngurumo wakadhani ndio mwisho wao, kisha wakaona ni maji tu, maji mekundu yakipita kando ya turubai za maharage, yakishika njia yake.

Hakuna aliyejua la kufanya mpaka mama yake Kajiru aliposhuka. Alikuwa bibi wa miaka mingi, na alikwenda moja kwa moja mpaka pale ukingo wa mfereji ulipokuwa umemomonyoka, pale maji yalipokuwa yanatoroka kwenda korongoni. Aliguna, akachota bonge la udongo kwa mikono miwili, akainama kuziba. Wengine nao wakakumbuka walivyolelewa, wakakimbilia udongo.

"Kajiru!" Nakiete alisikia zogo simuni. "Wanafanya nini huko?"

"Wanaziba," Kajiru alisema, ameduwaa. "Maji yanavuja, wanaziba."

Kabla Nakiete hajajibu, simu ilinyakuliwa na aliyekuwa akisikiliza begani mwake. Shangazi Mbonea aliishika kinyumenyume, akaona haimtoshi, akaitupa majanini. Alipanda juu ya jiwe refu, akaweka mikono mdomoni, na kwa ile sauti ya kuitia ng'ombe waliovuka bonde akalipigia kelele bonde zima, kijiji alichokinunia maisha yake yote.

"Nyinyi wa Mhande! Mlima umeshiba! Acheni yavuje!"

Mwangwi ulirudi kutoka ng'ambo. Zefania alipanda kando yake akaitikia, kisha wengine, kisha Ikongwe yote, wamesimama mstari mmoja ubavuni mwa mlima, wamepakwa matope, wakipiga kelele ambazo hakuna mtu wa milima ile aliyewahi kuzipiga.

"Acheni yavuje! Acheni yavuje!"

Kule chini bibi alinyanyua kichwa. Aliwatazama wale watu wadogowadogo huko juu, akalitazama bonge la udongo mikononi mwake, akaitazama nyumba yake iliyokuwa bado imesimama. Maji yalikuwa yanampita miguuni.

Akalitupa lile bonge nyuma ya bega lake, akanawa mikono.